Siku moja maishani mwangu: fundi wa ndege, mwakilishi wa chama

Saa kumi alfajiri. Chai ya haraka, koti lenye mistari inayong'aa, bodaboda hadi stejini, halafu matatu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Nikisema mimi ni fundi wa ndege, watu huniuliza kama napewa tiketi za bure. Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, hakuna anayeiuliza: mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapa karakanani.

Saa kumi na mbili, kupokezana zamu. Kijana wa zamu ya usiku, aliyepata leseni yake juzijuzi tu, hajaenda nyumbani. Ameshika bahasha. "Mzee, wamenipa barua ya kujieleza."

Kisa chenyewe ni pini ya breki. Kwenye gurudumu kuu la ndege kuna vijiti vidogo vya chuma vinavyoonyesha breki imelika kiasi gani. Unafunga breki ya kuegesha, unachuchumaa na tochi, unatazama kijiti kimebaki kimechomoza kiasi gani. Kikiwa sawasawa na uso wa chuma, breki imekwisha. Kijana alikuta kimekwisha, akaandika kwenye logi, yaani daftari la kiufundi la ndege, akaagiza breki nyingine. Msimamizi wa zamu akamwambia asaini ndege iende, breki ibadilishwe ikirudi. Akakataa. Ndege ikachelewa, abiria wakapiga kelele, na kabla ya mapambazuko barua ikawa imechapwa: umekaidi amri ya mkubwa wako, njoo kwenye kikao leo saa nane mchana. Leo! Mtu aliyekesha.

Nikamwambia akalale kwenye chumba cha mapumziko, asisaini chochote, na aniachie ile nakala ya logi inayobaki chini ndege inapoondoka.

Kutoka hapo hadi saa nne nilikagua ndege mbili, nikaongeza oili, nikabadilisha tairi moja na taa ya kusomea ambayo abiria wa kiti cha dirishani aliilalamikia safari nzima.

Saa nne, chai na chapati. Habari ya barua imeshafika kila mahali na mezani ni moto. "Tugome kesho!" anasema mwenzetu mmoja, tena kwa sauti. Huyu ana rekodi ya sauti ya WhatsApp kwa kila tatizo nchini. Namwambia haki ya kugoma ipo, Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inaitaja wazi. Lakini namna ya kuitumia iko kwenye Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007: kwanza mgogoro upitie usuluhishi, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Ukigoma kesho bila hayo, kesho kutwa unaandikiwa wewe, na mimi sina la kukutetea nalo. Anauliza kwa nini waongoza ndege wa mnarani wasizime redio watusaidie. Kwa sababu kazi yao imeandikwa kwenye jedwali la nne la sheria hiyohiyo kama huduma muhimu, na huduma muhimu haigomi. Anakumbusha Septemba 2024, siku wafanyakazi walipogoma hapahapa uwanjani kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja huu. Nakubali, na namkumbusha kuwa ule mgomo nao uliishia mezani, kwa karatasi iliyotiwa saini jioni ileile.

Saa nane tupo nje ya ofisi. Saa nane na nusu bado tupo nje. Kijana macho mekundu. Tunaitwa karibu saa tisa na nusu, na neno la kwanza la afisa wa utumishi ni kwamba mimi nisubiri nje, kwa kuwa hili ni "mazungumzo tu".

"Madam," nikamwambia, "kama ni mazungumzo tu, barua ya nini?" Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi anayetuhumiwa haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati anajieleza. (Ndiyo, namba ileile ya ile ibara ya Katiba. Wanachama huzichanganya kila siku.) Akapiga simu mahali. Tukasubiri tena. Nikaruhusiwa kukaa.

Akafungua kwa hotuba ndefu kuhusu sera ya kampuni ya kutolaumiana: ripoti hatari bila hofu, sisi ni familia. Sera hiyo ina bango zuri pale kwenye korido, na bango halijawahi kumrudisha mtu kazini. Kinachoshika ni sheria, kanuni zilizotungwa chini yake, na mkataba wa pamoja, ule wa chama na mwajiri, uliosajiliwa mahakamani. Hata Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kile cha mwaka 2013 kinachohusu usimamizi wa usalama, kinazifunga nchi. Kwetu sisi kinafika kupitia Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013 na kanuni zake. Ndiyo maana nabeba faili, bango naliacha koridoni.

Msimamizi wa zamu akasoma kifungu cha 44 cha Sheria ileile ya Ajira, cha kufukuzwa papo hapo kwa kukaidi amri. Alikisoma nusu. Nikamwomba amalizie: amri yenyewe iwe halali na inayofaa. Kisha nikaweka ile nakala ya logi mezani. Kipimo kipo, saa ipo, saini ipo. "Bosi, amri ya kusaini kwamba ndege iko salama, wakati logi inasema breki imekwisha, uliitoa chini ya sheria gani?" Akasema abiria walikuwa wameshapanda. Nikauliza tena. Akasema hakutoa amri, alitoa ushauri.

Basi kijana amekaidi nini?

Ungedhani hapo kikao kimekwisha. Thubutu! Saa nzima nyingine ikaenda kwenye kumbukumbu za kikao. Waliandika kwamba kijana "ameeleza upande wake". Logi haikutajwa, wala huo ushauri. Tukakataa kusaini. Zikaandikwa upya, logi ikaachwa tena. Mara ya tatu nikasimama karibu na printa mpaka nakala ya logi ikaambatanishwa kama kiambatisho A. Leseni ya yule kijana imetolewa na mamlaka ya usafiri wa anga kwa jina lake, na ndege ikipata ajali saini itakayotafutwa ni yake. Kampuni haina leseni ya kumwazima.

Kikao kimeahirishwa hadi Alhamisi. Kijana akalala kwenye matatu kabla hatujafika barabara kuu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipovua viatu. Goti la kulia linauma, kama kawaida ya siku za kuchuchumaa. Simu ikalia: ni jamaa wa idara ya mizigo ambaye hajawahi kujiunga na chama, na kila mwisho wa mwezi hunisimamisha kulalamikia ada ya uwakala anayokatwa kwa sababu mkataba wetu wa pamoja unamhusu naye. Ameandikiwa barua. Anauliza kama naweza kuingia naye kikaoni.

Nimemwambia aje saa ya chai, na barua yake, na asisaini chochote.