Kesi ya ubalozi, darasani

Mwalimu wetu wa Jumanne huingia darasani saa kumi na mbili jioni, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Mchana ni mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho hapa New York, jioni anatufundisha sheria ya ushahidi. Ni mwaka wa 19 sasa. Muhula ulipoanza aliandika ubaoni 1963, mwaka ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brady, kwamba mwendesha mashtaka mwenye ushahidi unaomsaidia mshtakiwa hana ruhusa ya kuuficha. Nilinakili nikaona ni jambo jepesi.

Leo kaleta kesi ya Ghailani.

Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa darasa la tatu, Kinondoni. Madirisha yalitetemeka, mwalimu wa hesabu akatuingiza chini ya madawati, na chokaa ya dari ikamwagikia daftari langu. Balozi za Marekani zilikuwa zimelipuliwa kwa mabomu siku moja: Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alisimamishwa kizimbani hapa mjini mwaka 2010 kwa mashtaka zaidi ya 280 ya milipuko hiyo. Kulikuwa na shahidi Mtanzania, tayari kueleza kwamba ndiye aliyemuuzia baruti ya TNT. Jaji Kaplan akamkataa, maana jina lake lilipatikana kwa Ghailani kulazimishwa kusema akiwa mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Waendesha mashtaka hawakukata rufaa. Juri ikamtia hatiani kwa shtaka moja tu, la kula njama.

"Ungekuwa wewe, ungekata rufaa?" Mwalimu alikuwa ananitazama mimi. Hajui kwetu ni wapi.

Nikasema ningekata. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Akaweka chaki chini. "Mwaka ule na mimi nilitaka wakate," akasema. "Sasa ndiyo kesi ninayoifundisha kila muhula."

Namheshimu sana mtu huyu. Asubuhi anasimama kumtaka jaji amfunge mtu, jioni anatuonyesha mahali ambapo mkono wake mwenyewe lazima uzuiwe.

Nilipotoka nikampigia mama. Dar ilikuwa alfajiri, ameshaamka kuswali.

"Mama, leo tumesoma kesi ya ubalozi."

"Yule kijana si walimfunga?"

"Walimfunga. Maisha."

"Sasa mbona unalia, mwanangu?"