Nibadilishe kamera yangu ndogo au nibaki nayo?

Miezi kadhaa sasa nalala nawaza, naamka nawaza, hii Canon PowerShot S95 yangu niiweke pembeni au niendelee nayo tu. Ilitoka 2010, megapikseli 10, na watu wakisikia 10 wanashangaa maana simu zao zina 48, 50 huko. Mi hiyo hainisumbui kabisa. Picha yake ina pikseli 3648 kwa 2736, ukiiprinti kwa pikseli 300 kila inchi inazidi A4 kidogo, na ukubwa huo unanitosha.

Kinachonisumbua ni mwanangu, ana miaka minne, hatulii, na picha zake za ndani jioni zilikuwa zinaniuma sana kila nikizifungua.

Wiki iliyopita nikakaa na zile picha mbovu tu, nikaangalia moja moja kwenye kompyuta, spidi ya shata ngapi (yaani pazia la kamera linakaa wazi muda gani), ISO ngapi (yaani kamera inakuza mwanga kiasi gani), lenzi imefunguka kiasi gani. Nilikuwa nna uhakika tatizo ni chenga, vile vidoadoa vya picha za gizani, si unajua sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) ikiwa ndogo usiku. Kumbe wala! Chenga zilikuwepo ila picha nyingi zimeharibika kwa sababu mtoto amesogea, shata 1/20, 1/15 ya sekunde, wakati mtoto anayekimbia anataka kama 1/250 hivi ndo atulie kwenye picha. Na karibu zote nilikuwa nimevuta zumu mpaka mwisho, kamera iko auto.

Hapo ndo nikaelewa. Lenzi hii usipoivuta inafunguka f/2.0 (namba ikiwa ndogo, lenzi iko wazi zaidi), nzuri mno, ila ukiivuta yote inaishia f/4.9, yaani mwanga unaofika kwenye sensa unapungua kama mara 6, sasa kamera ikiwa auto inabidi icheleweshe shata ili mwanga utoshe. Basi nikaitoa auto, shata nikaifunga 1/125, ISO 800, zumu sigusi, nikitaka karibu nasogea kwa miguu. Siku tatu nimepiga hivyo, aisee picha nyingi zimepona, chenga zipo lakini macho yanaonekana, kicheko kinaonekana, na mi bora uso wenye chenga kuliko mtoto asiye na uso.

Nikasema basi, sinunui. Ila jioni moja alikuwa kakaa chini anaongea na midoli yake, anaipangia nani alale wapi, nikasogea nimpige, akaniona, akaacha akaanza kupozi. Picha niliyoitaka ikaishia hapo. Kitu kile lazima ukipige kutoka mbali, na mbali ndo pale lenzi yangu inapobana mwanga.

Kwa hiyo sasa najua natafuta nini, lenzi inayobaki wazi hata ukiivuta. Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, wengi wanaipendekeza na sensa yake ya inchi moja ni kubwa kweli, eneo lake karibu mara 3 ya sensa yangu, lakini mwisho wa zumu nayo inaishia f/4.9. Canon G7 X ya 2014 ina sensa ya saizi hiyohiyo ila lenzi inaanza f/1.8 na mwisho kabisa ni f/2.8. Uzito ndo kidogo, gramu 304 wakati yangu haifiki 200, na ni nene, kwenye mfuko wa suruali itanisumbua, hilo nimelikubali.

Nachukua iliyotumika. Nitaivuta na kuirudisha lenzi mara kadhaa nisikilize kama inakwaruza, halafu nipige ukuta mweupe kwa f/11, maana vumbi likishaingia ndani kwenye sensa linatokea kama madoa meusi na kulitoa mpaka kamera ifunguliwe. Jumamosi naenda kuiona moja, memori kadi nimeshaiweka kwenye begi.