Kabla ya kumwambia mama unatembea peke yako

Neno "nimeamua" ndilo huharibu mambo. Peleka karatasi ya safari yako ya miguu ya siku kadhaa: kila siku utalala wapi, nambari ya mwenyeji, na kilomita. Ukibeba kilo 10, panga kilomita 20 kwa siku, si 35. Baba aliyekuwa akienda shule kwa miguu atakushika uongo papo hapo.

Hofu kubwa ni simu kuzimika. Kubalianeni nyakati mbili: saa kumi na mbili asubuhi ukiondoka, saa tisa alasiri ukiwa umefika. Tuma SMS, hupita hata pale WhatsApp inapokwama kwa mtandao hafifu. Kisha andikeni cha kufanya ukinyamaza: wangoje hadi saa kumi na mbili jioni, wampigie mwenyeji, halafu nambari ya dharura, 112. Bila mpango huo, kimya cha nusu saa tayari ni matanga.

Kuhusu radi za alasiri upande wa Kakamega na Kisii, magharibi mwa Kenya, wazazi wana haki kabisa. Ndiyo maana unaondoka alfajiri.

Wakikataa, omba jaribio la siku moja: kuzunguka ukingo wa kreta ya Mlima Longonot, kilomita 7 hivi, ukituma SMS kwa saa mlizokubaliana. Shangazi akiwepo siku ya mazungumzo, afadhali zaidi.