Picha ya kurudia isihukumiwe kwa kufanana

Kila ikitoka picha ya Kihindi iliyorudiwa basi barza zote hapa mjini zishatoa hukumu kabla hata mtu hajaiangalia, ya zamani ndo picha, hii mpya upuuzi mtupu. Ami yangu ndo kinara wao. Yeye kazikuta enzi za sinema zetu za Zanzibar, Majestic kule Vuga na Cine Afrique, na ukimwambia Don ya Shah Rukh Khan nzuri anakuangalia kama umekufuru. Mie ami yangu nampenda lakini kwa hili siko nae hata kidogo, na nimeona leo niliandike.

Chukua hiyo hiyo Don. Ile ya 1978 Amitabh Bachchan kacheza watu wawili, Don jambazi, na Vijay, maskini wa Mungu anaefanana nae, ambae polisi wanampachika nafasi ya Don baada ya Don kufa. Picha tamu wallahi. Ile nyimbo ya tambuu alioimba Kishore Kumar, Amitabh mdomo mwekundu, bangi ishampanda kichwani, miguu haijui inaelekea wapi, sisi watu wa tambuu na popoo pale hatukuhitaji mtu wa kutufasiria. Sasa 2006 kaja Farhan Akhtar kairudia, na huyu si mtu baki, babaake Javed Akhtar ni mmoja wa wale wawili walioiandika ya mwanzo. Angeweza kunakili tu akala pesa. Lakini alijua sote hadithi tunaijua kwa moyo, basi akatukamatia hapo hapo, unakaa unamuombea dua Vijay mpaka mwisho, kumbe unaemuombea ni Don mwenyewe na wala hakufa! Mtu ambae hakuiona ya 1978 raha ile haipati nusu. Kwangu mie hiyo ndo adabu ya kurudia picha, uijue ya mwanzo vizuri halafu uwe na jambo lako la kusema.

Usipokuwa na jambo yanakukuta ya Ram Gopal Varma 2007, alipoigusa Sholay. Sholay jamani! Picha ya 1975, ilikaa zaidi ya miaka mitano kwenye sinema moja tu Mumbai. Gabbar Singh, yule jambazi adui, anavyoingia mle, kwanza husikii neno, unaona viatu vinatembea juu ya jiwe, mkanda mkononi unaburura chini, huku watu wake watatu wamesimama wanasubiri adhabu. Sura inakuja baadae. Amjad Khan alikuwa hajulikani kabisa, ndo picha iliyomtoa, kwa hiyo watu hawakuona mchezaji pale, walimuona Gabbar. Varma akaihamishia hadithi Mumbai mjini, na adui akampa Amitabh, yule yule aliekuwa Jai, shujaa wetu wa Sholay. Yaani yule tuliemlilia alivyokufa ndo leo tumuogope? Majabali yale yametoka, kijiji kimetoka, na hakuna kilichokuja badala yake. Hapo ami yangu namuunga mkono mia kwa mia.

Inayonipa tabu ni Agneepath. Ile ya 1990 wengi wanaisifu leo wakasahau kama ilipotoka haikufanya vizuri sana sokoni, ingawa Amitabh alipata tuzo ya taifa kule kwao. Karan Johar akaitoa upya 2012 (ya mwanzo ilikuwa ya babaake, Yash Johar), steringi Hrithik Roshan. Adui Kancha wa zamani, Danny Denzongpa, ni bwana nadhifu, suti, sauti ya chini, mtu unaeweza kumkuta hotelini ukamuamkia, na ndo mana anatisha. Kancha mpya, Sanjay Dutt, wamemfanya kipara, hana nyusi, jitu zima, unashtuka mara ya kwanza ukishamzoea basi. Lakini wakaongeza Rauf Lala ambae zamani hakuwepo kabisa, wakampa Rishi Kapoor, kijana wetu wa mapenzi tangu Bobby ya 1973, eti leo anauza watoto wa kike mnadani. Mie nilibaki mdomo wazi. Miaka yote ile ya kumpenda wameigeuza ikawa khofu, huo ndo ujasiri ninaoutaka mie.

Ila walipomtoa mtu wa Mithun Chakraborty wa ile ya 1990 hapana. Krishnan Iyer muuza madafu, kikoi chake kiunoni, anamuokota Vijay, steringi wa humu, kapigwa risasi watu wote wamekimbia, anamkimbiza hospitali! Mtu anaeuza dafu ndo anakuwa na roho kuliko mji mzima, na picha nzima ikapata pumzi kwa sababu yake, kila akiingia unacheka kidogo halafu damu inaendelea. Ya 2012 haina mtu kama yule, ni giza mwanzo mwisho, na kwa watu wa visiwa vya minazi kama sisi hilo wametuonea.