Usiku tuliorebuti databesi tatu, moja moja

Mwaka 2018 ulianza vibaya kwa sisi watu wa seva. Tarehe 3 Januari habari za Meltdown na Spectre zikawa kila mahali, zilipangwa zitangazwe tarehe 9 ila zikavuja mapema, na watu wengi walikuwa hata hawajarudi kutoka kwao. Udhaifu ulikuwa kwenye prosesa zenyewe. Meltdown iligusa karibu kila prosesa ya Intel, yaani programu ya kawaida tu ingeweza kusoma memori ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) ambayo haitakiwi hata kuigusa, na dawa iliyokuwepo ni kuweka keneli mpya. Keneli mpya ni rebuti, yaani kuzima mashine na kuiwasha upya, na rebuti ni kila seva, hakuna ya kuachwa.

Nilikuwa kampuni moja hapa Dar, huduma yetu mawakala waliitumia usiku na mchana, hakuna saa ambayo unaweza kusema sasa wateja wamelala tuzime. Seva za mbele hazikutusumbua, zipo nyingi, unazitoa chache kwenye HAProxy, ile inayogawa maombi ya wateja kwa seva, unazirebuti unazirudisha, jioni moja tukawa tumemaliza. Kazi ilikuwa databesi. Tulikuwa na MariaDB, programu ya databesi, yenye Galera ya kuziunganisha, kwenye seva tatu, zote zina data ileile, na ili ziendelee kufanya kazi lazima zaidi ya nusu ziwe zinaonana. Ikifa moja ghafla, mbili zinaendelea kama kawaida. Zikifa mbili ghafla, iliyobaki inakataa kujibu kabisa, na mimi naona iko sahihi, maana haina njia ya kujua kama wenzake wamekufa kweli au ni waya umekatika na wao wanaendelea kuandika huko upande wa pili.

Sasa konfigi (mipangilio) zetu zote zilikuwa kwenye Puppet, programu inayoweka mipangilio kwenye seva yenyewe. Naipenda Puppet mpaka leo, kwa kuhakikisha seva iko vile ulivyosema iwe sijaona tatizo nayo, lakini kila ejenti, kile kipande chake kinachokaa kwenye kila seva, inaamka kila dakika 30 kwa saa yake yenyewe, inavuta maelekezo, inafanya, inalala. Haijui jirani yake anafanya nini. Ukibadilisha faili la MariaDB na umeandika kwamba likibadilika huduma ianzishwe upya, basi ndani ya nusu saa seva zote tatu zitajianzisha upya na hakuna wa kuzipangia foleni. Kuna splay ya kuzitawanya ila kutawanya ni bahati nasibu tu, haizuii mbili kuangukia dakika moja. Na kibaya zaidi seva zikiwashwa pamoja, mfano umeme ulikatika ukarudi, ejenti zote zinaanza kuhesabu wakati mmoja na zitaendelea kuamka pamoja siku zote. Zetu ndo zilikuwa hivyo.

Aliyeliona hilo ni dada mmoja aliyekuwa mkubwa wetu kwenye timu, yeye alikuwa kwenye kazi hizi tangu enzi za kuandika skripti za bash za kurasa na kurasa. Akasema kitu cha kwanza tunazima Puppet kwenye zote tatu kabla hatujagusa kingine, na tunaandika sababu. Ile amri ya puppet agent --disable inakubali ujumbe, na inaacha faili la kufunga ambalo linabaki hata seva ikirebuti, kwa hiyo seva ikiamka Puppet haijiingizi katikati ya kazi. Watu wengi wanasahau hiyo, unapanga kila kitu vizuri halafu ejenti inaamka inakuharibia.

Kazi yenyewe tukaipeleka Ansible, kwa sababu Ansible inaongozwa kutoka sehemu moja na inaona seva zote. Unaweka serial: 1 na kazi yote inaisha kwenye seva ya kwanza ndo inaingia ya pili, na kwa kuwa kundi lina seva moja tu, hiyo ikifeli kundi zima limefeli na plebuki, yaani ile orodha ya kazi unayoiandikia Ansible, inasimama hapohapo. Moduli ya reboot wakati ule haikuwepo, ilikuja na toleo la 2.7 baadae mwaka huohuo, kwa hiyo ilikuwa lazima utumie ule ujanja wa zamani, unatuma sleep kidogo kisha shutdown -r now, unaweka async na poll: 0 ili Ansible isikae ikisubiri jibu la mashine inayokufa, halafu wait_for_connection mpaka SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, irudi.

Mimi niliandika mpaka hapo, na ndo ilivyo kwenye mifano mingi. Dada akaisoma akaniuliza, "Mdogo wangu, SSH ikirudi databesi imerudi?" Nikamwambia tutaongeza kusubiri dakika mbili tatu. Akasema hapana, kusubiri kwa saa ni kubahatisha, muuguzi wa zamu ya usiku haondoki kwa sababu saa imefika, anaondoka anayeingia akishaipokea wodi. Tukakaa tukaandika kipande kile pamoja, nakikumbuka vizuri: task inauliza MariaDB ya seva iliyorebuti thamani ya wsrep_local_state_comment, inayosema seva iko hali gani, inarudia kila baada ya sekunde 20 mpaka jibu liwe Synced, yaani data yake imelingana na ya wenzake, retries (idadi ya majaribio) tukaweka 360 ambayo ni masaa mawili, maana usipoweka kitu Ansible inajaribu mara tatu tu na kukata tamaa. Halafu nyingine inauliza wsrep_cluster_size, idadi ya seva zinazoonana kwenye klasta (kundi letu la databesi), lazima iseme 3. Halafu uname -r, tuone keneli kweli ni mpya. Zote zikipita ndo seva inarudishwa HAProxy na zamu inahamia kwa nyingine. Mpangilio pia tukaufikiria, maandishi yote, yaani data mpya inayoandikwa, yalikuwa yanaenda seva ya tatu, kwa hiyo hiyo ikawekwa mwisho na tulipanga kuyahamishia ya kwanza kabla ya kuigusa.

Tukaanza usiku, dada kwenye laptopu yake, mimi kwenye yangu, simu ya mkuu iko pembeni. Seva ya kwanza ikatoka HAProxy vizuri, ikazima. Zile zilikuwa mashine halisi sio VM (mashine za kuigizwa ndani ya mashine nyingine), na mashine halisi yenye memori kubwa inapoamka inajikagua taratibu mno, unakaa unaangalia skrini haina kitu mpaka unajiuliza kama imekufa. Na mida ileile mahesabu ya mawakala ya siku yalikuwa yanapita, yaani databesi zilizobaki zinaandika kwa nguvu kuliko muda mwingine wowote. Hapo ndo kazi ilipogeuka. Galera ina akiba inaitwa gcache, inaweka mabadiliko ya karibuni, seva iliyotoka kidogo ikirudi inapewa tu kile ilichokosa na inamaliza haraka sana. Lakini gcache usipoigusa ni MB 128. Mpaka mashine yetu inaamka, kilichoandikwa kilikuwa kimeshapita hapo, kwa hiyo haikuwezekana kuipa mabaki, ikabidi inakiliwe databesi nzima upya, ile inayoitwa SST, GB 300 hivi kwenye mtandao wa gigabiti 1. Fanya hesabu, MB 110 kwa sekunde kama mambo ni mazuri, dakika 45, na mambo huwa sio mazuri.

Kwa hiyo hali ikawa hivi. Seva ya kwanza iko hewani, SSH inajibu, ping inajibu, mfumo wa kuangalia seva unaonyesha kijani, lakini MariaDB yake hata porti haijafungua kwa sababu bado inapokea data. Seva ya pili ndo inayotoa hiyo data, tuliiweka iwe mtoaji wa kwanza makusudi ili ya tatu isisumbuliwe, na ikiwa inatoa haitegemewi kwa kazi nyingine. Ya tatu peke yake imebeba nchi nzima. Na anayefuata kwenye foleni ya kurebuti ni nani? Ya pili, ile inayotoa! Ile plebuki ya kusubiri SSH ingekuwa imeshaizima, unakiliaji unakatika katikati, ya kwanza inabaki na data nusu, halafu zamu inaenda ya tatu, na klasta yote imelala chini saa za mahesabu.

Plebuki yetu ilikuwa imekaa tu. FAILED - RETRYING, FAILED - RETRYING, mistari inashuka, idadi iliyobaki inapungua, ukiangalia bila kujua unaweza kudhani kila kitu kimeharibika.

Mkuu akapiga. Nikapokea, "Shikamoo mkuu", akaitika akaniambia anaona kijani kwenye simu yake, mbona hatuendelei, watu wa mahesabu wanalalamika mambo ni mazito. Dada akaniomba simu, akamweleza kwa upole kabisa, mkuu hiyo kijani ni ya mashine, databesi bado inakula data, tukigusa nyingine sasa hivi huduma inazima, tuvumilie. Kimya kidogo. Akasema sawa, nipigieni ikiisha. Nilimheshimu sana usiku ule kwa kukubali.

Kitu kimoja kilichotuokoa bila kelele ni kwamba dada alikuwa ameshapitisha kwa Puppet, zamani, TimeoutStartSec=0 kwenye mipangilio ya MariaDB ya systemd, ile inayowasha huduma kwenye seva. Wakati ule, bila hiyo systemd ilikuwa inasubiri sekunde 90, inaona huduma haijaanza, inaiua katikati ya kunakili, na unaanza upya kila mara. Ni mstari mmoja tu ule.

Kunakili kulichukua zaidi ya saa. Ilipoandika Synced nilisimama. Klasta ikasema 3, keneli mpya, HAProxy ikairudisha yenyewe, na ndo plebuki ikaenda ya pili bila sisi kugusa kitu. Wakati huo mahesabu yalishapita, maandishi machache, ya pili ikarudi ikapewa mabaki tu na ikamaliza kabla sijamaliza soda. Ya tatu vilevile, baada ya maandishi kuhamishiwa ya kwanza. Nikampigia mkuu, alikuwa macho.

Puppet tuliziwasha asubuhi, moja moja pia, na kwa kupishana dakika kumi ili saa zao zisiende tena pamoja. Wiki iliyofuata tukapandisha gcache.size hadi GB 4, na hiyo haibadiliki mpaka MariaDB izimwe iwashwe, kwa hiyo tulikata kipande cha rebuti kwenye plebuki, tukaacha vile vipimo vyote vya kusubiri kama vilivyo, tukaiendesha mchana kweupe. Mkuu alikuwepo ofisini, akaja kusimama nyuma ya kiti cha dada, akauliza lile neno Synced ni lipi kwenye skrini, akaonyeshwa.