Mjomba, tazama kazi ya mwenzako

Jumamosi nilikuwa Kibirizi, nimechuchumaa ubavuni mwa boti naandika jina, mpwa wangu anayesoma Italia akanipigia video. "Shikamoo mjomba, tazama kazi ya mwenzako." Yuko Florence, makumbusho ya Uffizi, mbele ya picha ya Bikira Maria aliyoichora Duccio, mchoraji wa kale wa Italia.

Nilidhani ni turubai. Kumbe mbao! Mbao za mti wa popula zilizoungwa, kimo mita 4 na nusu. Mimi bango la mita 2 tu hunimaliza mgongo. Mbao zinapakwa gundi na plasta nyeupe, zinasuguliwa mpaka zilainike, ndipo inabandikwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba, kisha rangi iliyokorogwa kwa kiini cha yai. (Mama watoto akisikia nimepeleka mayai kazini, hapalaliki.)

Lakini kilichonishika ni mkataba. Mwaka 1285 chama cha waumini waimbao nyimbo za sifa kilimwahidi Duccio lira 150 kwa picha hiyo. Dhahabu na ile buluu ya bei mbaya anunue mwenyewe. Wasipoipenda, hawaichukui, abaki nayo!

Nikaweka brashi chini. Mwaka juzi mwenye boti mmoja alinikatalia hivyohivyo, eti herufi zimelala, na rangi nilishanunua kwa hela yangu. Herufi hazikulala. Boti ndiyo iliyoegama.

Duccio yeye kazi yake ilipokelewa. Nimemwomba mpwa akirudi tena anipigie picha ya pembeni, nione mbao zilivyoungwa.