Kichwa kimeacha kuuma, lakini funguo za gari zisubiri kidogo

Mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo huulizwa kama kichwa bado kinauma, na akijibu hapana, hurudishiwa funguo za gari. Swali hilo halitoshi. Maumivu yanaweza kuisha huku macho, sikio la ndani (linalotunza mizani ya mwili) na shingo bado havijarudi kufanya kazi kwa pamoja. Udereva unavitaka vyote vitatu kwa mpigo, na juu yake unataka akili inayoweza kufuatilia mambo manne bila kuchelewa. Ukiwa umekaa sebuleni hakuna anayekudai hayo, ndiyo maana unajiona mzima.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapima kwenye kiigizi cha udereva (mashine inayoiga gari na barabara) vijana waliopata mtikisiko, ambao dalili zao zilikuwa zimekwisha ndani ya saa 48 zilizotangulia. Bado waliyumba ndani ya njia yao kuliko vijana wasioumia, hasa kwenye kona. Kuchelewa nako kuna gharama unayoweza kuipima mwenyewe. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ukichelewa nusu sekunde kugusa breki umeshasogea mita 8 zaidi. Kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 14.

Picha ya CT (eksirei ya kompyuta ya kichwa) iliyotoka safi nayo isikudanganye. Inatafuta damu na ufa kwenye fuvu. Mtikisiko ni hitilafu ya utendaji wa ubongo na kwa kawaida hauonekani kwenye picha hiyo, kwa hiyo "picha ni safi" haina maana ya "endesha".

Saa 24 za kwanza usiendeshe kabisa, hata kutoka hospitali kurudi nyumbani. Siku mbili za mwanzo ni za kupumzika kwa kiasi: kutembea polepole ni sawa, kukodolea simu kwa saa nyingi hapana. Kichwa kikizidi kuuma saa hadi saa, ukitapika mara kwa mara, ukapata degedege, mkono au mguu ukalegea, maneno yakakokoteka, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au ikawa vigumu kukuamsha, nenda hospitali mara moja. Na kama ulipata degedege au ubongo ulivuja damu, mwongozo huu si wako: muda wako hupangwa na daktari pamoja na sheria ya leseni ya mahali ulipo.

Kabla ya kugusa gari, jipime nyumbani. Kila mara jipe alama ya dalili kutoka 0 hadi 10 (maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu kichwani) kabla ya zoezi na baada yake. Ikipanda kwa 2 au zaidi, siku hiyo si ya kuendesha.

Anza na shingo. Kaa wima, mgongo usisogee, geuza kidevu kuelekea bega la kulia kisha la kushoto. Lazima ufike mahali pa kuona nyuma ya bega bila maumivu, kwa sababu hapo ndipo lilipo gari ambalo kioo cha pembeni hakilionyeshi. Pigo lililotikisa ubongo mara nyingi limevuta na misuli ya shingo, na shingo iliyokaza yenyewe huleta kizunguzungu na maumivu ya kisogoni. Watu wengi huhangaika na kichwa kwa wiki kadhaa wakati mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) angeanzia shingoni.

Kisha macho. Shika kalamu kwa mkono ulionyooka, itazame ncha yake, isogeze taratibu kuelekea puani. Kwa kawaida inapaswa kubaki moja hadi sentimita 5 hivi kutoka puani. Ikigawanyika kuwa mbili ikiwa sentimita 10 au zaidi, macho yako hayakutani vizuri, na kila utakapohamisha jicho kutoka dashibodi kwenda barabarani utalipa kwa uchovu. Ongeza jaribio la pili: weka maandishi umbali wa sentimita 70 na mengine mita 6, hamisha macho mara 20. Maneno yanapaswa kusomeka papo hapo. Yakikawia kutulia, ndivyo kibao cha barabarani kitakavyokuwa.

La tatu ndilo linaloumbua wengi. Bandika herufi moja ukutani usawa wa macho, simama mita 1, macho yabaki kwenye herufi huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto, kadiri ya nyuzi 20 kila upande, mara 10, kwa haraka. Subiri sekunde 10, jipe alama. Herufi ikiruka au tumbo likichafuka, uhusiano wa sikio la ndani na macho bado haujakaa sawa. Makutano ya barabara yenye magari pande zote yatakufanyia hivyo hivyo, ila huko huwezi kusema "ngoja nipumzike".

Ukivuka haya, panda gari kama abiria, kiti cha mbele, dakika 20 hadi 30, huku ukifuatilia barabara kana kwamba wewe ndiye dereva: taja kwa sauti taa, watembea kwa miguu, gari linaloingia. Kama hilo linakuchosha, usukani utakuchosha zaidi.

Siku yako ya kwanza ya kuendesha, kaa kwanza ndani ya gari lililosimama, injini imezimwa. Rekebisha kiti na vioo ili shingo igeuke kidogo iwezekanavyo, na pandisha egemeo la kichwa hadi usawa wa utosi, karibu na kisogo. Kisha uwanja mtupu, dakika 10, kugeuza, kurudi nyuma na kufunga breki ghafla. Siku inayofuata, barabara tulivu unayoijua, mchana, dakika 15, dereva mwingine akiwa pembeni. Redio izimwe, simu inyamaze, na mwenzako asizungumze.

Kuanzia hapo ongeza kitu kimoja tu kwa mara moja: ama muda, ama msongamano, ama kasi, ama giza. Ukiongeza viwili halafu ukaharibikiwa, hutajua kilichokuangusha. Na subiri saa 24 kabla ya kupanda hatua nyingine, kwa kuwa dalili zina tabia ya kuja jioni au kesho yake asubuhi. Dalili zikipanda kwa alama 1 au 2 zikashuka ndani ya saa moja, rudia hatua hiyo hiyo. Zikipanda zaidi au zikikawia, rudi hatua moja nyuma. Usiku na mvua ningeviacha mwisho kabisa. Mwanga wa taa za mbele kwenye lami yenye maji na wipa zinazopita mbele ya macho ni mzigo ambao hata barabara kuu ya mchana haina.

Kosa ninaloliona zito kuliko mengine ni kupima safari kwa kwenda. Mtu anatoka asubuhi akiwa mbichi, anafika salama, anafanya kazi kwa muda wa saa nane, kisha anaendesha kurudi akiwa na ubongo uliokwisha nguvu, jua likimpiga usoni na foleni mbele. Ukirudi kazini na kwenye usukani wiki hiyo hiyo, tafuta wa kukurudisha jioni. Asubuhi endesha, jioni panda gari la mwingine.

Mambo mengine madogo yanayosumbua: mwanga wa jua unaokatwakatwa na miti ya kandokando, ambao huamsha kipandauso, na miwani myeusi inayovaliwa hadi ndani ya nyumba, ambayo huyafanya macho yazidi kuuogopa mwanga. Ivae nje, uivue ndani.

Dalili zikipanda ukiwa barabarani, usijikaze "nimalizie tu". Washa indiketa, punguza mwendo, toka kabisa barabarani, washa taa za hadhari, zima injini. Tazama kitu kimoja kisichosogea kwa mbali au fumba macho dakika 15. Zisiposhuka, gari libaki hapo na mtu aje akuchukue.

Angalia na dawa zako. Amitriptilini inayotolewa usiku kwa maumivu ya kichwa inaweza kukuacha mzito hadi asubuhi, na kodeini, tramadoli na baadhi ya dawa za mzio husinziza. Dawa mpya au kipimo kipya kihesabu kama kitu ulichoongeza: siku hizo usipande hatua. Na vidonge vya kawaida vya maumivu vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, vyenyewe huanza kuzalisha maumivu ya kichwa.

Gari la gia za mkono ni gumu kuliko la otomatiki katika wiki hizi, kwa sababu klachi inakula sehemu ya umakini. Pikipiki ingoje hadi uendeshe gari kwenye msongamano bila dalili yoyote: inadai mizani, shingo inabeba helmeti, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo la kuogopwa. Kama helmeti ilikuwa kichwani siku ya ajali, nunua nyingine, maana povu lake la ndani likishabonyea halikulindi tena. Dereva wa lori au basi asitumie ratiba hii peke yake. Anahitaji idhini ya daktari kwa maandishi, iliyotolewa na mtu anayejua zamu zake ni za saa ngapi.